Je, Wajua? Maajabu ya Mtaro na Bomba la Maji Shambani

Je, wajua kuwa mtaro wa mita 100, wenye upana wa sentimita 40 na kina cha sentimita 80, hutoa udongo wa tani 50 hivi? Hayo ni malori saba ya tani saba! Na bomba la milimita 32 utakalolilaza humo, likijaa maji pomoni, linabeba lita 53 tu. Yaani tani 50 za udongo zimehamishwa ili kuficha madumu matatu ya maji, na dumu la tatu lenyewe halijai.

Usiondoke, ndiyo kwanza tunaanza.

Udongo ukichimbwa huvimba! Mita za ujazo 32 zilizokuwa zimeshindiliwa ardhini hufika 40 au zaidi zikishatupwa juu, kwa sababu hewa imeingia kati ya mabonge. Ndiyo maana ukimaliza kufukia unabaki na tuta usilojua limetoka wapi, wakati bomba lenyewe limechukua nafasi ya lita 80 tu. Liache hivyo hivyo. Mvua za masika zitalishusha. Ukilisawazisha leo, msimu ujao utakuwa na mfereji uwanjani.

Je, wajua kuwa mtu anaweza kukosa pumzi mtaroni hata kichwa chake kikiwa nje? Mita moja ya ujazo ya udongo ina uzito wa tani moja na nusu au zaidi, na ukimfunika mtu hadi kifuani, kila anapotoa pumzi unashuka na kumbana. Marekani sheria za usalama kazini zinataka kuta za mtaro zikingwe kuanzia kina cha mita 1.5, na udongo uliotolewa ukae angalau sentimita 60 kutoka ukingoni. Vibarua wetu hupenda kuurundika pale pale ukingoni. Waambie.

Sasa, kina. Sisi tunafukia bomba kwa ajili ya jembe la jirani, tairi la trekta, moto wa kusafishia shamba na jua. Huko Minnesota, Marekani, mabomba makuu hufukiwa zaidi ya mita 2, mtu mrefu anapotea humo mzima mzima! Sababu ni barafu: maji yakiganda huongezeka ujazo kwa asilimia 9 hivi, na bomba la chuma haliwezi kuyabishia.

Inuvik, kaskazini mwa Kanada, wao hawafukii kabisa. Ardhi ya chini imeganda mwaka mzima, na ukizika bomba la maji lenye joto, ardhi inayeyuka na bomba linazama. Kwa hiyo mabomba ya maji na ya majitaka hupita juu ya ardhi, ndani ya masanduku marefu yaliyowekwa kwenye nguzo, kutoka nyumba hadi nyumba.

Huku kwetu Tanzania, baridi ya Makete, pamoja na umaarufu wake wa kuunguza viazi, hailigusi bomba lililofukiwa. Na shika hili: ukishuka sentimita 50 hivi, udongo karibu haujui kama juu ni mchana au usiku. Joto la saa nane mchana huchelewa njiani, na kabla halijafika chini usiku umeingia na kulirudisha.

Lakini bomba jeusi lililoachwa juani! Mita 100 za bomba la plastiki likipoa kwa nyuzi 20, hufupika kwa zaidi ya sentimita 25. Ulilikata saa saba mchana likafika sawasawa? Alfajiri limeshavuta viungio. Fundi anayejua kazi hulilaza likipindapinda mtaroni, kisha hufukia asubuhi kungali baridi.

Unajua weusi wake unatoka wapi? Masizi! Asilimia 2 hivi ya bomba lile ni masizi laini, yamechanganywa humo ili yazuie mionzi ya jua isilikaushe na kulipasua. Mstari wa buluu unasema ni la maji ya kunywa, na mstari wa njano unasema ni la gesi. Tafadhali usichanganye.

Je, wajua kuwa karibu kila plastiki iliyomo kwenye kazi ya maji ilipatikana kwa bahati tu? Mwaka 1872 Mjerumani Eugen Baumann alikuta unga mweupe ndani ya chupa ya kemikali iliyopigwa na jua: ndiyo PVC. Machi 1933, huko Northwich, Uingereza, Reginald Gibson na Eric Fawcett walijaribu jambo jingine kabisa, wakabaki na kitu cheupe cha nta: ndiyo polithini, mama wa roli zile nyeusi. Mwaka 1951 Paul Hogan na Robert Banks walikuwa wakijaribu kutengeneza petroli huko Oklahoma, wakapata polipropilini, ambayo leo ni bomba la PPR. Na ule utepe mweupe wa kuzungushia nyuzi za koki? Plastiki yake Roy Plunkett aliikuta mwaka 1938 imejibandika ndani ya mtungi wa gesi ya majokofu, akidhani mtungi ni mtupu.

Hao ni watu sita, na hakuna hata mmoja aliyekuwa akiwaza bomba.

Na kabla polithini ngumu haijapata kazi ya maana, ilikatika kiuno! Mwaka 1958 Wamarekani walipagawa na pete kubwa za plastiki za kuzungusha kiunoni, na pete zile ndizo zilizonunua shehena ambazo viwanda vilikuwa havijui pa kuzipeleka.

Bomba hili la polithini halishikwi na gundi. Huungwa kwa moto: ncha mbili hubanwa kwenye sahani yenye joto la nyuzi 220 hivi hadi zilainike, sahani huchomolewa, ncha zinakutanishwa na kuachwa zipoe bila kuguswa. Ikifanywa vizuri, pale kwenye kiungio panakuwa na nguvu sawa na bomba lenyewe.

Tena linaelea! Plastiki yake ni nyepesi kuliko maji, hata likijaa maji haliendi chini. Mvua kubwa ikikukuta umelilaza na hujafukia, utaamka uone bomba limepanda juu ya mtaro lenyewe. Wanaolipitisha ziwani hulifunga vizito vya zege.

Hebu twende Iringa. Je, wajua kuwa katika miaka ya 1970 vijiji vya nyanda za juu kusini mwa Tanzania vilipelekewa maji kwa mabomba ya mianzi? Si vitani, si mchezoni: ulikuwa mradi wa serikali, ukiongozwa na mhandisi T. N. Lipangile. Mwanzi ulitobolewa vifundo vyote kwa ndani, ukazungushiwa waya kwa nje ili presha isiupasue, ukaunganishwa na mwenzake na kufukiwa mtaroni. Adui mkubwa hakuwa presha. Alikuwa mchwa! Ilibidi mianzi itiwe dawa na mtaro nao utiwe dawa, na hapo ndipo watu wakaanza kuuliza juu ya maji wanayokunywa. Mimi bado naona ni moja ya kazi za kijasiri zaidi zilizowahi kufanywa mtaroni katika nchi hii.

Malawi, kuanzia mwishoni mwa miaka ya 1960, wanavijiji walichimba mitaro ya mamia ya kilomita kwa jembe na nguvu zao wenyewe, maji yakishuka toka milimani bila pampu. Serikali ilitoa bomba na fundi. Mikono ilikuwa ya kijiji.

Rudi nyuma zaidi. Wachaga walikuwa na mifongo, yaani mifereji ya maji, inayozunguka miteremko ya Kilimanjaro muda mrefu kabla ya wageni wa Ulaya kufika katika karne ya 19 na kushangaa. Wamarakwet wa Kenya walipitisha mifereji yao kwenye majabali ya bonde la Kerio kwa magogo na mawe. Na Engaruka, kaskazini mwa Tanzania, kuna mabaki ya mashamba na mifereji iliyojengwa kwa mawe, karibu kilomita za mraba 20, bila tone la saruji! Walioijenga waliondoka kabla ya karne ya 19 kuanza, mawe bado yapo.

Oman nako usipapite. Zaidi ya falaji 3,000, yaani mifereji ya jadi, bado zinatiririsha maji hadi leo, na tano kati yake UNESCO iliziingiza kwenye urithi wa dunia mwaka 2006. Zamu za kumwagilia ziligawiwa kwa kivuli cha mti mchana na kwa nyota usiku. Mfereji ukikuta bonde, maji hushushwa upande mmoja, hupita chini ya bonde, kisha hupanda upande wa pili yenyewe. Na ni mtawala mwenye asili ya huko huko Oman, Sultani Barghash, aliyetawala Zanzibar kuanzia 1870 hadi 1888, aliyewaletea watu wa Mji Mkongwe maji ya chemchemi kutoka nje ya mji.

Maji yanapandaje yenyewe? Hapo ndipo wengi hushindana na fundi. Mtaro wa maji safi si lazima uteremke! Bomba likijaa, maji hushuka bonde na kupanda kilima bila kuuliza, ilimradi kilima chenyewe na mwisho wa bomba viko chini ya chanzo kwa tofauti ya kutosha. Bomba la majitaka ndilo linalotaka mteremko.

Ila pale juu ya kilima hewa hujikusanya na kuziba njia. Watu huchimbua mita kwa mita wakitafuta uchafu uliokwama, kumbe kilichokwama ni hewa tupu! Kivalvu kidogo cha kutolea hewa kileleni humaliza kesi.

Sogea hapa, hili la tangi linaniuma. Tangi la lita 10,000 halina presha kubwa kuliko la lita 1,000 lililo kimo kile kile! Presha haijali ukubwa wa tangi, inajali urefu tu: kila mita 10 kwenda juu ni baa 1. Mnara wako wa mita 3 unakupa baa 0.3. Ili bomba lako lifikie presha ya tairi la gari dogo, tangi lingehitaji kukaa mita 20 na ushei juu, kwenye ghorofa ya saba hivi.

Na unene wa bomba je? Bomba la inchi moja, kwa presha ile ile na umbali ule ule, hupitisha maji karibu mara sita ya bomba la nusu inchi. Si mara mbili. Mara sita! Aliyeokoa fedha kwa kununua nusu inchi ndiye atakayesimama na ndoo akisubiri.

Pampu iliyo juu ya kisima haiwezi kuvuta maji kutoka kina kinachozidi mita 10, hata uifunge injini ya trekta. Kwa kweli haivuti: hewa ya nje ndiyo inayoyasukuma maji yapande kwenye bomba, na nguvu ya hewa inaishia hapo. Nairobi, kwa kuwa iko juu sana, hesabu inashuka hadi mita 8 na kidogo. Ndiyo sababu ya pampu za kuzamisha.

Je, wajua kuwa bomba hupata taabu zaidi usiku watu wote wakiwa wamelala? Koki zote zimefungwa, maji yamesimama, na uzito wote wa mlima umekaa juu ya bomba la bondeni. Mteremko wa mita 100 unaleta baa 10, kiwango cha mwisho cha bomba lililoandikwa PN10. Miradi ya milimani hujenga matangi madogo katikati ya njia ili maji yapumzike na kuanza upya.

Funga koki ghafla, usikie ukuta unagonga: "dii!" Kwenye bomba la chuma, maji yaliyokuwa yakienda mita 1 kwa sekunde yakisimamishwa ghafla huzaa presha ya ziada ya zaidi ya baa 10, na mshtuko ule husafiri zaidi ya kilomita moja kwa sekunde. Hilo gongo limepasua viungio vingi kuliko sururu.

Halafu tazama ujanja wa binadamu. Mwaka 1796 Mfaransa Joseph-Michel Montgolfier, yule yule aliyerusha puto la hewa moto na mdogo wake mwaka 1783, alilichukua gongo lile akalitengenezea pampu. Haitaki umeme, dizeli wala jua. Maji ya kijito hushuka kwenye bomba, kilango hujifunga ghafla, gongo linayasukuma maji kidogo kilimani, kilango hufunguka, na mchezo unaanza upya, usiku na mchana, tak, tak, tak. Kati ya lita kumi zinazopita, labda moja ndiyo hupanda. Lakini hiyo moja ni ya bure! Ukiwa na kijito chenye mporomoko na nyumba kilimani, usinunue jenereta kabla hujamuuliza fundi habari ya pampu hiyo, haidramu.

Turudi kwa wachimbaji. Mwaka 1949 Ed Malzahn wa mji mdogo wa Perry, Oklahoma, aliingiza sokoni mashine ndogo ya kuchimba mitaro ya kupeleka maji na gesi majumbani. Alikuwa amewaona mafundi bomba wakihangaika na sururu na beleshi. Mnyororo wenye meno ulikata kwa saa chache kazi ya siku nzima!

Mwaka 1971, California, Martin Cherrington alipitisha bomba chini ya mto Pajaro bila kuchimba mtaro wowote. Alitoboa kutoka ng'ambo moja, ncha ikaibukia ng'ambo ya pili. Leo barabara nyingi za lami huvukwa na mabomba hivyo hivyo, gari zikipita juu bila habari.

Bado wote wanashindwa na fuko asiye na manyoya wa Kenya, Somalia na Ethiopia. Ukoo mmoja wa wanyama hao, wadogo wa kutosha kukaa kiganjani, huchimba njia zenye jumla ya kilomita 3 hadi 5. Kwa meno! Midomo yao hufunga nyuma ya meno ili wasimeze udongo.

Unachimba, halafu unakutana na waya wa umeme wa nani? Marekani, tangu 2007, kabla hujachimba hata shimo la mti unapiga simu namba 811, nao wanakuja kupaka rangi ardhini: buluu ni maji, nyekundu umeme, njano gesi, kijani majitaka. Kwetu 811 ni yule mzee aliyekuwepo siku bomba linafukiwa. Kamuulize angali hai, maana kifaa cha kutafutia chuma hakilioni bomba la plastiki. Wenye busara huzika waya mwembamba sambamba nalo.

Chombo cha bei rahisi kuliko vyote mtaroni ni mpira mwembamba unaoonyesha ndani. Ujaze maji, mmoja ashike ncha huku, mwingine kule, mita 20 mbali, hata nyumba ikiwa katikati. Maji ya ncha zote mbili yatakaa kimo kimoja kamili! Chunguza tu lisibaki povu la hewa hata dogo ndani, likibaki maji yatadanganya.

Kwa ukubwa, hesabu hizi. Bomba la Mzima huteremsha maji kutoka chemchemi za Tsavo Magharibi hadi Mombasa, kilomita 220 hivi. Kwa mwendo wa mita 1 kwa sekunde, tone lingehitaji zaidi ya siku mbili na nusu njiani. Ihelele, mkoani Mwanza, maji ya Ziwa Victoria husukumwa hadi Shinyanga na Kahama tangu 2009, na baadaye yamefika Nzega, Igunga na Tabora. Na Versailles, Ufaransa, mabomba ya chuma yaliyolazwa katika miaka ya 1660 yaliendelea kupitisha maji kwa zaidi ya miaka 300. Lako lina umri gani?

Tanzania, Sera ya Maji ya 2002 iliweka kipimo: kituo kimoja kwa watu 250, na mtu asitembee zaidi ya mita 400 kukifikia. Ndoo ya lita 20 ni kilo 20. Pima mita 400 hizo ukiwa nayo kichwani ndipo utajua kwa nini watu hujitolea kuchimba mtaro.

Bomba linalovuja nje linaweza pia kunyonya ndani! Presha ikishuka, tope la mtaroni huvutwa kupitia ufa ule ule. Viwango vingi vya Marekani vinataka mita 3 kati ya bomba la maji safi na la majitaka, na shimo la choo likae mita 30 kutoka kisimani ni kanuni inayofundishwa duniani kote.

Wizi wa maji? Haukuanza mtaani kwako. Mwaka 97 baada ya Kristo Frontinus alikabidhiwa maji ya jiji la Roma, akakuta mabomba yametobolewa kwa siri chini ya barabara kila upande. Waroma waligonga majina ya wenyewe kwenye mabomba ya risasi, na bado waliibiwa.

Kenya, ripoti za wasimamizi wa huduma za maji zimekuwa zikionyesha kuwa zaidi ya asilimia 40 ya maji yanayozalishwa hayalipiwi: yamevuja, yameibwa au hayakupimwa. Mafundi huyatafuta usiku wa manane, sikio kwenye ncha ya fimbo, ncha nyingine kwenye bomba. Uvujaji hulia, tena kila tundu na sauti yake.

Tundu la milimita 3, kwenye presha ya baa 3, humwaga karibu lita 9,000 kwa siku. Ndoo 450! Na hutaliona, maana udongo wa kichanga hunywa kimya kimya. Kwa hiyo leo usiku funga koki zote za nyumbani, chukua tochi, kaangalie kile kigurudumu kidogo kwenye dira ya maji. Kikizunguka, kesho kutwa unahitaji sururu.